Mpera wa uani: namna ya kuutumia kuanzia jani hadi jivu

"Hodi jirani! Naomba vijani vya mpera, tumbo la mtoto limeharibika."

Aliyekulia Temeke, Tandika au Mbagala hapa Dar es Salaam anaijua sauti hiyo. Nyumba ya marehemu bibi yangu Tandika ilikuwa na vyumba sita, wapangaji wanne na mpera mmoja uani, kati ya choo na kamba ya kuanikia nguo. Mti ulikuwa wake, lakini majani yalikuwa ya mtaa mzima. Hakuwahi kumnyima mtu. Alichokataa ni mtu kuvunja tawi. "Chuma, usivunje," ndivyo alivyokuwa akisema, na akiona umevunja huchumi tena hata ukilia.

Mimi leo nina mpera wangu Mbagala, na hodi zinaendelea kubishwa. Kila anayekuja namweleza yale yale, ndiyo maana nimeona niyaandike. Mpera ni mti wa faida nyingi, ila kuna mahali dawa yake inafika na mahali inapoishia. Mwaka mmoja nyumbani kwetu tulivuka mpaka huo bila kujua, na nitasimulia mbele kidogo.

Kwanza hakikisha ni mpera, na kwamba ni safi

Mpera hautambuliwi kwa tunda peke yake, maana mwingine unakaa miezi bila kuzaa. Angalia shina: gome ni laini, linabanduka vipande vyembamba kama karatasi, na chini yake kuna rangi ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Geuza jani upitishe kidole upande wa chini, utaisikia mishipa imetokeza. Kisha lifikiche. Lina harufu yake kali kidogo, tamu kidogo. Mpera ni wa ukoo mmoja na mkarafuu na mzambarau, na ukishalijua hilo, harufu ya jani haikushangazi tena. Asili yake ni Amerika ya joto. Wahispania na Wareno ndio walioueneza duniani, nasi tukaupokea mpaka tukauona ni wa kwetu.

Usafi wa mti ni jambo la pili na watu wengi hawalifikirii. Mpera ulio ukingoni mwa barabara kubwa majani yake yamebeba vumbi na moshi wa magari. Ulio juu ya mtaro wa majitaka sichumi. Uliopuliziwa dawa ya wadudu sichumi kabisa, na kama mwenye mti hakumbuki aliupulizia lini, namshukuru naondoka.

Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Kwa dawa ya kunywa tunatumia majani machanga ya nchani, yale ya kijani kilichopauka ambayo bado ni laini ukiyakunja. Majani makubwa magumu yaache kwa kujifukiza. Bana kikonyo kwa kucha ukate, usivute, kwa sababu ukivuta unaondoka na ganda la tawi. Jani lenye madoa meusi, utando wa buibui au unga mweupe wa vidung'ata liache palepale.

Osha kwa maji safi mara mbili, moja moja, pande zote mbili.

Tumbo la kuharisha: maji kwanza, majani baadaye

Hapa naomba usome polepole, ndugu yangu.

Masika ya mwaka mmoja, mpwa wangu wa mwaka na nusu alianza kuharisha usiku. Asubuhi tulichemsha majani ya mpera kama tulivyozoea, tukampa vijiko vichache. Mchana choo kikapungua, tukafurahi, tukaona dawa imefanya kazi. Kumbe mtoto alikuwa ameishiwa maji. Jioni alilia bila machozi, macho yameingia ndani, utosi umebonyea. Tukakimbilia kituo cha afya. Muuguzi alifinya ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaachia, na ile ngozi ikabaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa kabla ya kurudi taratibu. Sijaisahau ile ngozi. Alipona, alhamdulilahi, lakini muuguzi alituambia tulipoteza siku nzima tukitibu choo huku mtoto akikauka.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu, na haubadiliki.

Kabla ya kugusa jani lolote, andaa maji ya kurudisha uhai. Nunua pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, duka la dawa, ni bei ndogo, weka mbili tatu ndani muda wote. Kama huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visiwe na kilima juu. Usizidishe chumvi kwa kudhani unamsaidia mtoto, utamdhuru. Koroga mpaka viyeyuke. Yanayobaki baada ya saa 24 mwaga, utengeneze mengine.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo. Mwenye miaka miwili na zaidi, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika subiri dakika kumi, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Kwenye kituo cha afya watampa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyevuka miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Usivikatishe kwa sababu choo kimekuwa kizuri.

Choo kikiwa na damu, au kikiwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele na kinatoka kwa wingi, hapo hakuna habari ya mpera. Hiyo ya pili inaweza kuwa kipindupindu. Jiji letu linakijua. Ule mlipuko mkubwa wa mwaka 2015 ulianzia hapa hapa Dar mwezi Agosti. Mpeleke mgonjwa hospitali huku akinywa maji ya chumvi na sukari njiani.

Sasa majani. Haya ni kwa mtu mzima mwenye tumbo la kawaida la kuharisha, la chakula kisichomkubali. Mtoto mdogo mimi simpi tena.

Chukua majani machanga manane hadi kumi. Tia kwenye sufuria yenye nusu lita ya maji, funika, acha yachemke kwa moto mdogo dakika kumi. Sufuria iwe ya kawaida au chungu. Niliwahi kuchemshia kwenye karai la chuma lililokuwa na kutu, maji yakatoka meusi kama wino. Ule ni ukakasi wa majani umekutana na chuma, sikuyanywa, nikamwaga. Maji mazuri yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea kiasi, na ukionja ulimi unakauka na kujikunja pembeni, kama ulivyokula pera bichi. Yachuje, yapoe, unywe nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Siku mbili zinatosha. Ikifika siku ya tatu hujapata nafuu, nenda ukapimwe.

Ukakasi huo unaitwa tanini, na ndio unaokaza utando wa utumbo. Ndani ya jani kuna pia kemikali iitwayo kwesetini ambayo hutuliza msokoto wa tumbo. Bibi hakujua majina hayo, lakini alijua kwamba jani changa linatuliza tumbo linalosokota.

Tanini hiyohiyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya damu asiyanywe haya maji bila kumuuliza mhudumu wa kliniki. Na mtu mzima asiyageuze kuwa chai ya kila siku na chakula.

Fizi na kinywa

Kwa fizi zinazotoka damu au vidonda vidogo vya mdomoni, tumia maji yaleyale ya majani yakiwa ya uvuguvugu, tia chumvi kidogo, sukutua kama nusu dakika, tema. Fanya hivyo asubuhi na usiku baada ya kupiga mswaki. Bibi alikuwa akitafuna vijani viwili vichanga na kutema makapi, na meno yake alikwenda nayo kaburini karibu yote. Jino lenye tundu ni habari nyingine. Mpera hauzibi tundu. Daktari wa meno ndiye anayeziba.

Kujifukiza

Mwaka 2020, wakati wa korona, kila nyumba ilikuwa na nyungu yake, na majani ya mpera wangu karibu yaishe. Mvuke unafungua pua iliyoziba na mtu anajisikia mwepesi. Hautibu malaria, na mtu mwenye homa anatakiwa apimwe malaria kwanza, ajifukize baadaye kama bado ana haja.

Kusanya konzi ya majani makubwa ya mpera, konzi ya mchaichai, na ukipata mkaratusi ongeza matawi mawili. Chemsha kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko. Ikishachemka iepue kabisa, usijifukize juu ya jiko linalowaka. Iweke sakafuni penye usawa, juu ya kitambaa kilicholowa ili isiteleze. Kaa kwenye kigoda, siyo kwenye kiti kirefu, jifunike shuka, fungua mfuniko kidogo kidogo. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Ukisikia kizunguzungu toka.

Mtoto asiingizwe chini ya shuka na sufuria ya maji ya moto, hata akiwa amebebwa. Mwenye pumu naye akae mbali, mvuke mzito unaweza kumbana.

Mambo ninayoulizwa sana

Kisukari: chai ya majani ya mpera hunywewa sehemu nyingi duniani, Japani ikiwemo, kwa nia ya kuzuia sukari isipande sana baada ya chakula. Lakini mtu anayemeza dawa za kisukari akiongeza chai hii, sukari inaweza kushuka mno. Mwambie daktari wako kabla hujaanza, na dawa ya hospitali usiiache.

Vidonda: zamani tulibandika majani yaliyopondwa. Siku hizi naosha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, nafunika kwa kitambaa safi, na kama kidonda ni cha kina au cha msumari naenda kuchomwa sindano ya pepopunda.

Nywele: maji ya majani yaliyopoa ni mazuri kusuuzia baada ya kuosha. Nywele zinanukia. Kama zinakua haraka zaidi, kwangu sijaona.

Ukitaka kujua zaidi kuhusu dawa za miti, hatuko gizani. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti, na waganga wa tiba asili wenyewe wana sheria yao tangu 2002 inayowataka wasajiliwe. Mtu anayekuuzia unga wa kijani kwenye kifungashio kisicho na jina, muulize usajili wake.

Kukausha ya akiba

Kausha kipindi cha kiangazi, Juni hadi Septemba. Wakati wa masika unyevu wa jiji letu hautaki mchezo, majani yanashika ukungu kabla hayajakauka. Yatandaze kwenye ungo, yasilaliane, weka kivulini penye upepo, geuza kila jioni. Baada ya siku nne au tano yatavunjika kwa sauti ukiyakunja. Jani linalopinda bado lina maji. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, andika tarehe, na ikifika miezi sita badilisha. Ukifungua ukasikia harufu ya uvundo, tupa yote, usichambue.

Tunda

Dawa ambayo haina mabishano kwenye mpera ni pera lenyewe. Gramu 100 za pera zina takribani miligramu 228 za vitamini C, wakati chungwa lina kama 53. Yaani pera moja la kadiri linamtosha mtu mzima kwa siku na kuzidi. Lile jekundu ndani lina zaidi ile rangi iliyomo kwenye nyanya. Osha, kula na ganda lake. Watoto wasishindie mapera mabichi, mbegu na ukakasi vinafunga choo, na hilo kila mama wa mtaani amelishuhudia. Pera lenye alama ya meno ya popo lisiliwe, hata upande uliobaki mzima, lifukie.

Juisi nzuri inataka subira kidogo. Kata mapera kilo moja vipande, chemsha na maji lita moja kwa dakika tano yalainike, yapoe. Kisha saga kwa kugusa tu, washa zima, washa zima, mara tatu au nne. Ukiacha blenda izunguke, mbegu zinasagika na juisi inakuwa na mchanga mdomoni. Chuja kwa chujio, ukisukuma rojo kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki mbegu tupu. Kamulia limau moja, ongeza maji baridi yaliyochemshwa kiasi upendacho. Sukari onja kwanza, mara nyingi haihitajiki.

Rojo hilo hilo ukilichemsha na sukari na maji ya limau linakuwa jamu bila kuongeza kitu cha kugandisha, kwa sababu pera lina pektini yake. Changanya na yale ambayo hayajaiva sawasawa, robo ya hayo kwa robo tatu za yaliyoiva, maana mabichi ndiyo yenye pektini nyingi. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, epua.

Adui wa tunda ni nzi wa matunda. Anatoboa pera likiwa bado kijani, anataga, na ukija kulipasua unakuta funza. Vika matunda mifuko ya karatasi yakifikia ukubwa wa ndimu. Yaliyoanguka okota kila siku, yafunge kwenye kiroba yaachwe juani siku kadhaa, au yafukie kina cha zaidi ya nusu mita. Jirani yako naye akifanya hivyo mtaona tofauti. Akiacha yaozee chini, nzi wake ni wako.

Kupogoa, na matumizi ya ulichokata

Mpera huzaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usiuonee huruma. Baada ya mavuno kata matawi yanayogusa bati, yaliyokufa, na yanayosuguana. Tumia msumeno mkali, ukate kwa mshazari maji yasituame.

Tawi lililonyooka, nene kama mkono wa mtoto, ni mpini. Mti huu ni mgumu na una unyumbufu, haupasuki ovyo. Tulioonja bakora ya mpera shuleni hatuhitaji kuelezwa. Menya gome, liweke kivulini wiki sita au nane kabla ya kuchonga. Fundi mmoja wa jirani alinichongea mpini wa shoka ukiwa mbichi kwa sababu nilimharakisha. Baada ya wiki mbili ulikuwa umesinyaa na kichwa cha shoka kinacheza. Ukishachonga, paka mafuta ya nazi, acha yanywe, paka tena. Kitawi chenye panda waachie watoto, wanajua kazi yake ni manati.

Yaliyobaki ni kuni. Zikauke vizuri, zinawaka polepole na makaa yake yanadumu. Siku ya kubanika samaki waliotoka soko la Feri, mimi hutanguliza makaa ya kawaida, kisha naweka vijiti vya mpera viwili pembeni. Moshi wake ni mwepesi, hauna utomvu, na samaki ananukia vizuri. Jivu lichekeche, liweke kwenye kopo, ndilo la kusugulia masizi ya sufuria kwa kumbi la nazi.

Kupata mpera mwingine

Vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo vina miche ya kila aina, na mbegu nazo huota zenyewe, lakini mti wa mbegu huweza kutoa tunda lisilofanana na la mama yake. Kama una mpera unaoupenda, uzalishe kutoka kwenye tawi.

Wangu ulipatikana hivyo. Nyumba ya bibi ilipokuwa inakaribia kuuzwa, nilijua mnunuzi ataukata mpera ajenge fremu za maduka. Nilikwenda miezi mitatu kabla. Nilichagua tawi lenye unene wa kidole, nikakata gome pande zote kama pete, upana wa sentimita tatu, nikalibandua lote na kukwangua ule utelezi uliobaki juu ya mti. Nikalizungushia nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa na kukamuliwa, nikafunika kwa kipande cha nailoni cha kifungashio cha sukari, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, nikafunga juu na chini kwa kamba. Kila baada ya siku chache nilipita kubonyeza kuona kama bado kuna unyevu. Wiki ya saba mizizi myeupe ilionekana kupitia kwenye nailoni.

Hapo unakata tawi chini kidogo ya mizizi, unaondoa nailoni bila kutikisa makumbi, unapunguza nusu ya majani, unapanda kwenye ndoo iliyotobolewa chini yenye udongo na samadi iliyooza. Weka kivulini wiki tatu. Ardhini uhamishe vuli zikianza, mita tano kutoka kwenye ukuta na mbali na karo. Maji asubuhi na jioni, kidogo kidogo, mpaka utakapoona vijani viwili vipya vinatazamana.